Mtambo pekee hautoshi kuepusha ajali angani

WAHENGA walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukweli huo ulijidhihirisha angani usiku wa Julai 1, 2002, ndege mbili zilipogongana karibu na mji wa Überlingen, Ujerumani. Watu wote 71 waliokuwemo walifariki, wengi wao watoto wa Urusi waliokuwa wakienda likizoni Uhispania.

Wakati huu ambapo tarakilishi zinazidi kukabidhiwa jukumu la kutabiri migongano na kumshauri mwelekezi wa ndege, mkasa huo ungali na funzo. Vifaa vya kutahadharisha vilikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuvioanisha na binadamu.

Katika kituo cha Zurich, Uswisi, kilichosimamia anga hiyo, mwelekezi mmoja alihudumia meza mbili huku mwenzake akipumzika, desturi ambayo wakuu wa kampuni ya Skyguide waliivumilia. Mitambo ilikuwa ikikarabatiwa, hivyo ilani ya hatari haingeweza kutokea kwenye skrini yake, naye hakufahamu hivyo. Simu kuu zilikuwa zimezimwa. Waelekezi wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari, wakampigia simu, wasimpate.

Ikisalia chini ya dakika moja, aliiamuru ndege ya Urusi ishuke. Sekunde chache baadaye TCAS, kifaa cha kuzuia migongano kilichomo ndani ya ndege, kikaiagiza ipae. Marubani wakamtii mwelekezi. Wale wa ndege ya pili, iliyobeba mizigo, wakatii kifaa chao kilichowaambia washuke. Zote mbili zikashuka, zikakutana.

Je, nani alistahili kutiiwa? Kanuni za wakati huo hazikuwa bayana. Baadaye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilifafanua kuwa agizo la TCAS ndilo lifuatwe, hata likipingana na la mwelekezi. Ufafanuzi huo haukuhitaji mtambo mpya, bali kalamu.

Mwelekezi huyo aliuawa mwaka 2004 na baba aliyefiwa na jamaa zake katika ajali hiyo. Hata hivyo, mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wasimamizi wanne wa Skyguide, ishara kwamba lawama hazikuwa zake peke yake.

Basi kila anayenunua mitambo ya aina hii aulizwe: Ikizimwa, nani ataarifiwa? Ikitofautiana na binadamu, nani atatiiwa? Na ni watu wangapi watakaobaki zamu ya usiku? Asiye na majibu, hata akilipa mabilioni, atakuwa amemwongeza tu nahodha mwingine chomboni.