Kutoka Dodoma hadi Kalinzi: Taarifa ya Mwakilishi Yapimwa kwa Darasa, Fedha na Chanjo

Na Mwandishi Wetu – Kigoma

Shule za msingi na sekondari nchini zilifunguliwa Jumatatu, Januari 17, 2022, ambapo wanafunzi zaidi ya 900,000 waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza walianza masomo kwa awamu moja. Hakukuwa na kundi la "chaguo la pili" lililobaki nyumbani kusubiri vyumba vya madarasa, kama ilivyozoeleka katika miaka iliyotangulia. Katika nchi ambayo chini ya miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imefunga shule zake zote kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, hii ilikuwa hatua kubwa.

Hata hivyo, tangazo linalotolewa Dodoma huwa halijakamilika hadi lieleweke kwa mzazi wa kijijini. Katika Kata ya Kalinzi, iliyopo kwenye vilima vya kaskazini mwa mji wa Kigoma, wananchi ni wakulima wa kahawa, migomba na maharage. Wengi wao husikia maamuzi ya Serikali kupitia redio, kisha husubiri kauli ya diwani, mtendaji wa kata au mwenyekiti wa kijiji ili wajue maamuzi hayo yanawahusu vipi. Wajibu huo wa kueleza ndio uliowakabili wawakilishi wa wananchi katika kipindi hicho cha kurejea katika hali ya kawaida, na uzito wake unaonekana vizuri zaidi mtu akikumbuka namna nchi ilivyofunga na ilivyofungua.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Mhe. Ummy Mwalimu. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu, Mhe. Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari pamoja na kusitishwa kwa mikusanyiko mbalimbali. Vyuo vilifuata. Kufungua kulikuja kwa hatua: wanafunzi wa vyuo na kidato cha sita walirejea Juni 1, 2020, na shule nyingine zote zikafunguliwa Juni 29, 2020, kufuatia tangazo la Hayati Rais Dkt. John Pombe Magufuli alilolitoa Juni 16 mwaka huo alipohutubia Bunge la 11 katika siku za mwisho za uhai wake.

Mazingira ya tangazo hilo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Shule zilifunguliwa katika mwezi uleule ambao wabunge walikuwa wanahitimisha kipindi chao na mabaraza ya madiwani yalikuwa yanafikia ukomo, nchi ikielekea Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 28, 2020. Kwa maana hiyo, mzazi alipohitaji zaidi mtu wa kumweleza kwa nini mtoto arudi darasani na kwa tahadhari zipi, wawakilishi aliowachagua mwaka 2015 walikuwa wanaondoka ofisini. Mzigo wa kueleza uliwaangukia watendaji wa kata na vijiji, walimu wakuu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vijiji waliochaguliwa Novemba 2019. Viongozi wa dini nao walisaidia kwa matangazo baada ya ibada.

Mwaka 2022 hali ilikuwa tofauti. Madiwani walikuwa ofisini na mabaraza yao yalikuwa yanakutana. Mbunge wa Kigoma Kaskazini wakati huo, Mhe. Assa Makanika, aliyechaguliwa mwaka 2020, alikuwa mjumbe wa Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma kwa mujibu wa sheria, kama walivyo wabunge wote katika halmashauri zao. Bunge lilitarajiwa kukutana tena Februari 1, 2022. Siku zinazotangulia kikao ndizo ambazo wawakilishi huzitumia kupita vijijini, na mwananchi alikuwa na haki ya kutarajia taarifa iliyo kamili kuliko ile aliyoipata mwaka 2020.

Taarifa hiyo ilipaswa kugusa mambo matatu: darasa, fedha na afya.

Jambo la kwanza ni darasa lenyewe. Oktoba 10, 2021, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Samia Suluhu Hassan, alizindua jijini Dodoma Kampeni ya Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Mpango huo wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3 unatokana na mkopo wenye masharti nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), wa dola za Marekani milioni 567.25. Kupitia mpango huo, Serikali ilielekeza kujengwa kwa vyumba vya madarasa 12,000 katika shule za sekondari na vyumba 3,000 katika shule shikizi za msingi, na ujenzi ukamilike kabla ya mwaka 2021 kwisha.

Kwa mkazi wa vilimani, shule shikizi ina maana ya pekee. Ni kituo kinachojengwa karibu na makazi ili mtoto wa umri mdogo asilazimike kutembea umbali mrefu kwenda shule mama, hasa katika miezi ya mvua ambapo vijito hujaa na njia za mteremko huteleza. Mwakilishi anaposema "madarasa yamejengwa", mwananchi angependa kujua ni ya sekondari au ya shule shikizi, yapo katika kijiji gani, na mtoto wake amepangiwa wapi.

Aidha, kufunguliwa kwa shule mwaka 2022 kuliwahusu pia wale waliotoka njiani. Novemba 24, 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Mhe. Prof. Joyce Ndalichako, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Kasulu Mjini mkoani Kigoma, alitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi wa elimu. Uamuzi huo ulikuwa mpya, na uligusa familia ambazo kwa miaka mingi ziliamini mlango umeshafungwa. Msichana aliyejifungua hataufahamu iwapo tangazo litaishia kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Linahitaji kutamkwa na diwani hadharani, mbele ya wazazi na mbele ya mwalimu mkuu, ili asiwepo wa kumrudisha mlangoni kwa kudai hana habari.

Jambo la pili ni fedha. Katika mpango huu kila chumba cha darasa kilitengewa shilingi milioni 20. Kwa hesabu rahisi, vyumba 12,000 vya sekondari ni shilingi bilioni 240, na vyumba 3,000 vya shule shikizi ni shilingi bilioni 60. Jumla ni shilingi bilioni 300, ambayo ni chini kidogo ya robo ya mpango mzima. Fedha nyingine zimeelekezwa katika afya, maji na sekta nyinginezo.

Umuhimu wa hesabu hii ni kwamba inaweza kufanywa na mtu yeyote anayejua idadi ya vyumba katika kata yake. Kata iliyopata vyumba vitano imepokea shilingi milioni 100. Iliyopata vyumba viwili imepokea milioni 40. Ujenzi umefanyika kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa ndani ya jamii chini ya usimamizi wa shule na halmashauri, kukiwa na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ya vifaa zinazowashirikisha wananchi. Hivyo mwenye swali kuhusu mifuko ya saruji au idadi ya mabati hana haja ya kusafiri hadi makao makuu ya halmashauri, kwa sababu wajumbe wa kamati ni majirani zake.

Ikumbukwe pia kuwa fedha hizi ni mkopo, na utalipwa na Watanzania wote, akiwemo mkulima wa kahawa wa Kalinzi. Kiongozi anayewasilisha darasa jipya kama zawadi kwa wananchi anawanyima nusu ya habari. Mwananchi anayejua kuwa yeye ni miongoni mwa walipaji atalitunza darasa hilo, na atauliza maswali pale ukuta utakapoonesha ufa.

Jambo la tatu, na ambalo ni rahisi kusahaulika shule zinapojaa watoto, ni afya. Kufunguliwa kwa shule hakukumaanisha kuwa ugonjwa ulikuwa umeondoka. Mei 2021, kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia chini ya uenyekiti wa Prof. Said Aboud iliwasilisha taarifa yake, na miongoni mwa mapendekezo yake ni Serikali kutoa takwimu sahihi za ugonjwa kwa wananchi na kwa Shirika la Afya Duniani (WHO), pamoja na kuruhusu matumizi ya chanjo zilizothibitishwa na shirika hilo. Pendekezo la takwimu linabeba ujumbe kwa kila kiongozi wa ngazi ya chini: ukimya hauwatulizi watu, bali huacha nafasi ambayo uvumi huijaza.

Julai 24, 2021 nchi ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen kupitia mpango wa COVAX, na Julai 28 Rais Samia alizindua uchanjaji kwa kuchanja mbele ya umma. Chanjo ilitolewa bila malipo na kwa hiari. Neno "hiari" lilikuwa likitafsiriwa na baadhi ya watu kuwa ni ishara ya mashaka. Hapo ndipo kauli ya mwakilishi inapokuwa na thamani, kwa maana diwani anayeheshimika na kufahamika kwa jina katika kila kitongoji anaweza kueleza kuwa hiari ni haki ya mtu kuamua baada ya kupata maelezo sahihi, kisha akamwachia nafasi mtaalamu wa zahanati ajibu maswali ya kitabibu.

Mkoa wa Kigoma unalifahamu hili kwa uzoefu wake wenyewe. Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, kilichopo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ndani ya Halmashauri hiihii ya Wilaya ya Kigoma. Kipindupindu kiliibuka na kupoteza maisha ya watu. Wakimbizi walisafirishwa kwa maji, ikiwemo kwa meli ya MV Liemba, hadi Kigoma mjini na baadaye kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Somo lililobaki ni kwamba ugonjwa hauheshimu mipaka ya nchi wala ya kata, na kwamba maji safi, vyoo na kunawa mikono kwa sabuni huokoa maisha kabla dawa haijafika. Kibuyu chirizi kilichofungwa nje ya choo cha shule wakati wa UVIKO-19 kinamkinga mtoto dhidi ya kuhara na kipindupindu pia. Kukiacha kikauke kwa sababu hofu imepungua ni hasara ambayo hakuna mkopo utakaoifidia.

Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma ina jiografia inayodai njia zaidi ya moja za kupeleka habari. Kalinzi hufikika kwa barabara, ilhali vijiji vya mwambao kama Kagunga na Mwamgongo vimekuwa vikitegemea boti. Taarifa iliyotolewa katika mkutano mmoja makao makuu ya kata haiwezi kuwafikia wote kwa usawa, na ndiyo sababu sheria imeweka ngazi. Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, mtendaji wa kata akiwa katibu. Chini yake kipo kijiji chenye halmashauri yake pamoja na Mkutano Mkuu, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na ambao unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Taarifa za mapato na matumizi husomwa huko na kubandikwa kwenye mbao za matangazo.

Msingi wa yote haya upo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka utaratibu wa kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza darasa limegharimu kiasi gani hamkosei adabu diwani wake. Anatumia haki yake, na anamsaidia kiongozi mwaminifu kuonekana kuwa mwaminifu.

Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwa miaka miwili hiyo mbiu ililia mara nyingi: kufunga, kufungua, kuvaa barakoa, kuchanja, kujenga. Katika majuma ya mwanzo wa muhula huo, wazazi wa Kalinzi na wa kata nyingine za Kigoma walihimizwa kuhudhuria mikutano ya vijiji vyao, kusoma mbao za matangazo na kuwauliza madiwani na wabunge wao maswali matatu: watoto wetu wote wapo darasani? Fedha zilizoletwa zimetumikaje? Na iwapo ugonjwa utarudi, kijiji chetu kimejiandaa vipi? Mwakilishi atakayeyajibu kwa majina ya vijiji na kwa tarakimu zinazoweza kuhakikiwa atakuwa ametimiza wajibu wake kwa waliomchagua.