Waraka kwa Washiriki wa Ibada za Nyumbani, Miritini

Yah: Hofu ya usiku



Ibada ya Alhamisi siku hizi imebaki na watu wa nyumba mbili tatu, na sababu sote twaijua: vijana wa mapanga na vichochoro visivyo na taa. Nasikia wapo wanaowasema waliobaki nyumbani kwamba imani yao ni haba. Maneno hayo tuyaache. Daudi alikiri woga wake katika Zaburi ya 56, na Paulo akawaandikia Wakorintho kwamba alifika kwao akitetemeka. Mama anayeshuka matatu saa mbili usiku ataambiwaje asiogope?

Kule Kisauni, mwaka 1875, wamishonari wa CMS walianzisha Freretown, makao ya watu waliokombolewa utumwani. Waliomba, wakaimba, na kengele wakatundika, ya kupigwa adui akikaribia kuja kuwarudisha minyororoni. Makanga hadi leo wanaita abiria wa Kengeleni. Sidhani yupo aliyewaambia wale kwamba kengele ni dalili ya kutomwamini Mungu.

Jingine ni zito. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, wenye bunduki waliingia kanisani Likoni wakawamiminia risasi waumini. Mama mmoja aliuawa, na risasi ikakwama kichwani mwa mwanawe mchanga. Madaktari wa Nairobi wakaitoa, mtoto akapona. Wahubiri wengi husimulia kupona kwa mtoto wakanyamaza kuhusu mama. Mimi siwezi. Faraja inayomruka marehemu haimfai aliyefiwa.

Basi tushike nini? Mimi nashika usiku wa Gethsemane. Bwana mwenyewe alihuzunika kiasi cha kufa, na kabla ya kwenda kuomba aliwasihi rafiki zake watatu wakeshe naye. Walilala, ndiyo, lakini ombi lake lasimama: hakutaka kuwa peke yake. Anayeogopa hahitaji mahubiri kwanza, ahitaji mtu wa kuketi naye.

Kwa hiyo, kuanzia wiki hii ibada itaanza saa kumi na moja jioni na kwisha kabla ya giza. Wa upande wa stesheni ya SGR wasubiriane, watembee pamoja. Wazee tutawachangia nauli ya tuktuk. Kila mmoja akifika kwake ampigie mwenzake, na asiyepiga afuatwe usiku huohuo, na watu wawili au zaidi. Mlango ukibishwa, uliza jina kwanza.

Wenu katika Kristo,
Katibu