Shilingi 200 za umbea, asilimia 12 za kimyakimya

Kila msimu wa bajeti ukifika mazungumzo ya kodi za simu yanarudi, na kila mara atatokea mtu wa kusema, "Lakini ile kodi ya mitandao ya Uganda si ilishafutwa?" Ilifutwa, naam. Mimi nasema ilibadilishwa kanzu tu, na kanzu mpya ndiyo mbaya zaidi.

Turudi nyuma kidogo. Machi 2018 Rais Museveni alimwandikia barua waziri wake wa fedha, Matia Kasaija, akilalamikia umbea wa mitandaoni, lugambo kama wanavyouita Waganda wenyewe. Akataka wanaopiga soga huko walipie. Wa masomo na utafiti waachwe. Bunge likapitisha, na tarehe 1 Julai 2018 ikaanza: shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kufungua WhatsApp, Facebook, Twitter na wenzao. Hujalipa, hufungui. Ukifika usiku wa manane siku imekwisha, unalipa tena.

Haya, tuulizane taratibu. Mpiga umbea ni nani hapo? Mama wa Kawempe ambaye binti yake anafanya kazi za ndani Saudia, na kila jioni anangoja sauti yake kwenye WhatsApp ajue kama kala na kama kalala salama, huyo anapiga umbea? Fundi cherehani anayewatumia wateja picha za magauni? Na msiba ukitokea, sisi hatulazi maiti siku tatu, tangazo linapita kwenye kundi la simu saa hiyo hiyo na kaburi linachimbwa. Nalo ni lugambo?

Halafu angalia hesabu yenyewe. Mbunge 200, mwuza nyanya 200. Kwa mwaka mzima ni 73,000. Kwa mbunge hiyo ni pesa ya chakula cha mchana na wageni wake, kwa mwuza nyanya ni mtaji. Kodi ya namna hii haimuulizi mtu ana nini, inamuuliza tu kama ana mdomo.

Na ilizaa nini? Serikali ilitarajia shilingi bilioni 284 katika mwaka wa kwanza. Ikapata bilioni 49.5. Yaani hata moja ya tano haikufika! Miezi mitatu ya mwanzo tu, kwa hesabu za tume ya mawasiliano yenyewe, laini za intaneti zilipungua kwa zaidi ya milioni 2.5. Waliobaki wengi wakajifunza VPN, mpaka wazee ambao juzi tu walikuwa wanaomba wajukuu wawawekee saa ya simu. (Hilo lilinichekesha, nakiri.)

Siku ile ile ya Julai likaja na pacha wake, ile 1% ya pesa za simu. Ukipokea unakatwa, ukilipa unakatwa, ukitoa unakatwa. Kijana wa Kampala akimtumia shangazi yake wa kijijini 100,000, shangazi anakatwa wakati wa kupokea na tena wakati wa kutoa, karibu 2,000 zimekwenda, mbali na ada ya kampuni. Watu wakaingia barabarani, Bobi Wine akiwa mbele yao tarehe 11 Julai, wakapigwa mabomu ya machozi. Mwisho Bunge likashusha hadi 0.5%, na kwa kutoa pesa tu. Lakini aliyekwenda kutoa pesa zake benki hakuguswa. Mwenye akaunti benki salama, mwenye wakala wa kibandani ndiye wa kukatwa. Eti hapo ndipo haki ilipopatikana.

Sasa twende kwenye hiyo kanzu mpya. Julai 2021 zile 200 zikaondolewa, mahali pake ikawekwa kodi ya 12% juu ya bando la intaneti, na VAT ya 18% iko pale pale. Huduma za tiba na elimu zilisamehewa. Sijui mama wa Kawempe ataithibitishaje simu yake kwamba leo anasoma na hapigi soga.

Zile 200 angalau zilikuwa na uso. Kila asubuhi ulikuwa unaziona, unakasirika, unaongea, unakwepa, na ndiyo maana zilishindwa. Hii 12% imejificha ndani ya bei ya bando. Bando likipanda unaitukana kampuni ya simu, unafunga mdomo, unanunua dogo zaidi. Hakuna anayeandamana kwa sababu hakuna anayeiona. Watu wananiambia tumeshinda. Tumeshinda nini?

Najua jibu litakalokuja: barabara zitajengwa na nini, dawa zitanunuliwa na nini? Sawa kabisa, sikatai kodi, na nchi haiendeshwi kwa dua peke yake. Ila tazameni mpangilio wa foleni. Kampuni kubwa za nje zinazochuma kwa watu wetu kupitia hiyo hiyo mitandao, Uganda iliziandikia kodi yao ya 5% ya huduma za kidijitali mwaka 2023. Mwuza nyanya alianza kutozwa 2018. Miaka mitano alitangulia yeye!

Na wasituambie jambo lilikuwa mapato tu. Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Miaka mitatu baadaye Facebook ilikuwa bado imefungwa. Anayetafuta mapato hafungi duka alilokuwa analitoza.

Majirani msicheke. Tanzania nao walianzisha tozo za miamala ya simu Julai 2021, kelele zikapigwa, na Septemba ya mwaka huo huo zikapunguzwa kwa 30%. Zilipunguzwa kwa sababu kila mtu aliliona kato lake kwenye ujumbe wa simu.

Basi mimi ombi langu ni dogo, na wabunge wanaopita misikitini na makanisani wakati wa kura waulizwe hilo hilo. Mtu akinunua bando, ujumbe unaoingia uandikwe wazi: bei ya bando hii, kodi ya serikali hii. Wasiseme mitambo haiwezi. Mwaka 2018 mitambo iliweza kumfungia mtu simu yake usiku wa manane kwa shilingi 200.