Kinasa Sauti cha Utepe na Haki ya Sikio

Lugha yetu iliiita mashine hii kinasa sauti, na sidhani kama lipo jina lililostahili zaidi. Kunasa ni kazi ya mtego na ulimbo: ndege aliyekuwa akipita akazuiwa, akabaki hai mikononi mwa aliyemtega. Leo jina hilo tunaliweka juu ya kila chombo, hata simu ya mkononi. Lakini mimi nakusudia kile cha zamani, kizito, chenye vigurudumu viwili na utepe wenye upana wa robo inchi unaohama polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Nadai kwamba mpenzi wa ushairi wa Kiswahili ana sababu njema ya kuwa nacho nyumbani, na sababu hiyo si mapambo ya sebuleni.

Nianze na kisa kilichonishawishi. Marehemu nyanya yangu, mzaliwa wa Lamu, alikuwa akighani tenzi. Jamaa mmoja alimrekodi, na utepe ule ukakaa kabatini miaka mingi kwa kuwa hapakuwa na cha kuuchezea. Tulichobaki nacho ni nakala ya maandishi, iliyonakiliwa baadaye na mtu mwenye nia njema. Ubeti mmoja katika nakala hiyo ulinisumbua tangu ujana wangu: vipande vyake viwili vilikoma kwa -ya, cha tatu kikakoma kwa "pamoja". Nikahukumu kwamba kina kimevunjika, na moyoni nikamwona mtunzi kuwa dhaifu.

Nilipopata mashine iliyotumika, nikaupitisha utepe ule mbele ya kichwa cha kusomea. Nyanya akaghani, na alipofika pale akatamka "pamoya", kama watamkavyo watu wa kwao. Kina kilikuwa timamu siku zote. Aliyekivunja ni mnakili aliyeona ni wajibu wake kuisanifisha lahaja. Kosa likawa limehamishwa kutoka kalamu yake hadi kwenye jina la mtunzi, na shahidi pekee aliyeweza kumtetea alikuwa amefungiwa kabatini.

Hilo ndilo jambo lililo hatarini. Ushairi wetu wa jadi umetungwa uimbwe. Maandishi huhifadhi mizani, kwani nane ni nane hata zikiwa kimya, lakini hayahifadhi mahadhi, wala pumzi inayotenganisha ukwapi na utao, wala irabu inayovutwa ili kipande kitimie. Mengi ya hayo yaliyowahi kunaswa katika karne ya 20 yalinaswa kwenye utepe. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi, kwaya, taarabu na ngoma kwa utepe wa namna hii, na hazina hiyo ni sehemu ya urithi wa taifa. Majumbani nako wapo waliorekodi harusi, maulidi na majibizano ya malenga. Utepe usio na mashine ni bubu.

Pana faida nyingine, nayo ni ya msikilizaji mwenyewe. Kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, utepe wa futi 1,200 humalizika kwa dakika 32 hivi. Hakuna kurukia wimbo wa tano kwa kidole. Unaketi, unasikiliza, na muda unauona kwa macho ukipungua katika gurudumu moja na kujaa katika jingine. Kipande kinachoghaniwa kwa sekunde 5 kina urefu wa sentimita 95, yaani wari moja na ushei. Aliyewahi kuurudisha utepe kwa mkono ili asikie tena silabi moja ameielewa mizani kwa namna ambayo daftari halimfundishi.

Najua hoja za wapinzani, na baadhi yake ni za kweli. Mashine hizi ni ghali, vipuri ni adimu, na fundi anayezijua ni adimu kuliko vipuri. Unyevu wa pwani ni adui: gundi ya baadhi ya tepe za miaka ya 1970 na 1980 hufyonza maji ikawa ya kunata, na kuucheza utepe wa hali hiyo bila matayarisho ni kuukwangua sauti yake. Tepe za asetati nazo huanza kunuka siki na kukakamaa. Tena, nakala ya kidijitali ikishafanywa vizuri haichakai kwa kuchezwa.

Nakubali yote hayo. Lakini nakala ya kidijitali haijifanyi yenyewe. Lazima utepe wenyewe uchezwe kwanza, na lazima awepo mtu anayejua kusafisha kichwa cha mashine, kukilinganisha na kutambua mwendo uliotumika, maana ukikosea mwendo mzee atasikika kama kitoto. Ujuzi huo haukai katika vitabu pekee. Hukaa kwa watu wanaozitumia mashine hizi kila wiki kwa raha yao, ndiyo maana nasema starehe ya nyumbani ni hifadhi pia.

Simwambii kila msomaji akanunue. Mtaa mmoja wenye mashine moja nzima na mtu mmoja mwangalifu unatosha. Ila nasihi jambo moja: ikiwa kwenu upo utepe ndani ya sanduku, msiutupe, msiufute, wala msimpe mtu aujaribu kwa pupa. Uwekeni pakavu, andikeni juu ya boksi lake ni sauti ya nani, kisha mtafuteni mwenye mashine. Na kabla hamjaisahihisha nakala yoyote ya mzee aliyetangulia, msikilizeni kwanza.