Mpanda Baiskeli Mbele ya Alama ya Kusimama

Barabara kuu itokayo Karatina kwenda Naro Moru na Nanyuki hupita Chaka, na njia ndogo za mashambani huungana nayo. Mtu ajaye sokoni na gunia la viazi juu ya baiskeli huona taabu kusimama, kwa kuwa kuanza tena mwendo kwataka nguvu nyingi. Basi hupunguza mwendo kidogo, kisha hupita.

Katika jimbo la Idaho, Marekani, tangu mwaka 1982 sheria humruhusu mpanda baiskeli kupita hivyo, njia ikiwa tupu. Kenya haina ruhusa hiyo. Alama nyekundu yenye pembe nane yawahusu wenye baiskeli sawasawa na wenye magari. Tena baiskeli yenye mzigo haisimami upesi, wala lori liendalo kasi.

Yafaa kushika breki mapema, kutia mguu chini, na kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa maana gari la kwanza kumfikia hutoka kulia. Husemwa ajali haina kinga. Lakini penye alama hiyo kinga ipo, nayo ni mguu mmoja chini.