Mizani ya Soko na Mizani ya Jeneza

Kila unapozuka mjadala wa kuzipanga albamu za Nirvana, ile bendi ya roki ya granji iliyoundwa katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1987, nawaona watu wenye akili timamu wakitumia mizani mbili mbovu. Kundi la kwanza hupima kwa soko: kilichouzwa sana ndicho bora. Kundi la pili hupima kwa jeneza: kilicho karibu na kifo cha mtunzi ndicho cha kweli. Mimi nazikataa zote mbili, kwa sababu maradhi haya hayaishii kwenye magitaa. Yamo pia katika mabaraza yetu ya ushairi.

Utaniuliza, ndugu msomaji, mtu wa tarbia na utenzi ana haja gani na makelele ya Seattle? Haja yangu ni neno. Kurt Cobain alitunga maneno ya kuimbwa, na atungaye maneno ya kuimbwa ni jamaa yetu hata kama hakuwahi kuhesabu mizani. Nitazipanga kazi zake kama ambavyo ningezipanga diwani za mshairi, kwa kuuliza ni wapi neno na sauti vimeshikana hata havitenganishiki. Nahesabu albamu 3 za studio na ile moja ya jukwaani iliyoenea kuliko nyingine. Mkusanyo wa 1992, Incesticide, nauweka kando, kwani ni masalio yaliyookotwa huku na huko.

Nafasi ya nne naipa Bleach ya 1989. Ilirekodiwa na Jack Endino kwa dola zipatazo 600 tu, na wapo wanaoipandisha juu kwa sababu hiyo hiyo, kana kwamba ufukara wa studio ni kina cha fikra. Cobain mwenyewe alikiri kwamba sehemu kubwa ya maneno yake aliyaandika usiku wa kuamkia kurekodi, na jambo hilo linasikika. Wimbo “About a Girl” unatangaza mtunzi anayekuja. Nyingi kati ya zilizobaki ni nguvu inayotafuta la kusema.

Nafasi ya tatu ni MTV Unplugged in New York. Najua hapa nitapata maadui. Ilirekodiwa Novemba 1993, ikatolewa Novemba 1994, miezi 7 baada ya Cobain kufariki akiwa na umri wa miaka 27. Jukwaani palikuwa na mayungiyungi na mishumaa, basi wasikilizaji wengi huisikiliza kama matanga. Ukiyaondoa maua na mishumaa, unabaki na nyimbo 14, na 6 kati yake si zake: zimo za Meat Puppets, ya David Bowie, ya The Vaselines, na ule wa kufungia, wimbo wa kale uliovuma kwa sauti ya Lead Belly. Alizighani kwa ustadi mkubwa. Lakini kughani kazi ya mwingine, hata ukiighani kumshinda mwenyewe, hakuifanyi kuwa diwani yako. Thamani kubwa ya albamu hii ni ushahidi: ilionyesha kwamba ukizipunguzia nyimbo zake kelele, bado zinasimama.

Nafasi ya pili ni Nevermind ya Septemba 1991. Hii ndiyo iliyoiondoa Dangerous ya Michael Jackson kileleni mwa chati ya Marekani Januari 1992, na kwa watu wa soko mjadala huishia hapo. Mimi siipuuzi. Wimbo “Polly” peke yake ungetosha kufundishia somo la nafsineni: unahusu utekaji wa msichana uliotokea kweli katika jimbo la Washington, lakini mtunzi akampa sauti mtekaji, naye akazungumza kwa upole wa kutisha, juu ya gitaa tulivu, bila kuhukumiwa na mtu yeyote ndani ya wimbo. Hukumu ameachiwa msikilizaji. Hata hivyo, albamu hii ilisuguliwa. Butch Vig aliitayarisha, Andy Wallace akaichanganya, ikatoka inang’aa kiasi kwamba Cobain mwenyewe baadaye aliulalamikia mng’ao huo. Yapo mahali ambapo sauti inaumia huku pambo likitabasamu.

Nafasi ya kwanza ni In Utero ya 1993.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alisifiwa na dunia nzima, akakataa kutia maji. Bendi ilikwenda Minnesota Februari 1993 kwa Steve Albini, mtu aliyekataa kuchukua mrabaha na kutaka alipwe ujira wa kazi yake tu. Kwa muda wa wiki mbili hivi walirekodi albamu yenye kingo kali. Ilipoonekana ni kali mno, nyimbo mbili, “Heart-Shaped Box” na “All Apologies”, zilichanganywa upya na Scott Litt. Zilizobaki ziliachwa na mikwaruzo yake. Katika “Scentless Apprentice”, wimbo uliochota kutoka riwaya ya Patrick Süskind, sauti inameza maneno hadi yanageuka ukelele, na ukelele huo ndio maana yenyewe. Katika “All Apologies”, kibwagizo cha mwisho kinarudiwa hadi kinakuwa kama uradi. Hiyo ni takriri inayofanya kazi. Haipo kwa ajili ya kujaza beti. Anayeilaumu albamu hii kwa kukosa ulaini anafanana na waliokipima Kichomi cha Kezilahabi, kilichotoka 1974, kwa vina ambavyo hakikuahidi.

Sasa turudi kwa watu wa jeneza, maana wao huisifu In Utero kuliko mimi, ila kwa sababu mbovu. Husema ni wasia wa mtu anayekufa. Hutaja jina la awali la albamu, lililosema kwamba msemaji anajichukia na anataka kufa. Husahau kwamba Cobain alisema jina hilo lilikuwa mzaha, na kwamba liliachwa. Lililochaguliwa lilitoka katika shairi la mkewe, Courtney Love, nalo kwa Kilatini lina maana ya “ndani ya tumbo la uzazi”. Binti yao alizaliwa Agosti 1992, miezi 6 kabla ya kurekodi. Juu ya jalada pana umbo la mwanamke lenye mbawa, ngozi yake imekuwa kama kioo, viungo vya ndani vyaonekana. Albamu imeitwa tumbo la uzazi, nasi tukaisoma kama kaburi! Sisemi kwamba hamna maumivu ndani yake. Yamo tele, pamoja na dhihaka, hasira, mapenzi na kicheko, na yaliwekwa hapo na fundi aliyekuwa hai, akifanya kazi, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea mashairi yake, akaniomba radhi kwamba ni mepesi kwa kuwa yeye “hajateseka vya kutosha”. Sijaisahau kauli ile. Nani alimfundisha? Sisi tulimfundisha. Tunapomsifu marehemu kwa kuwa ni marehemu, walio hai wanatusikia, na baadhi yao wanatuamini. Maumivu hayamfanyi mtu kuwa mshairi. Kifo hakikumwongezea Cobain hata neno moja zuri. Kilimnyang’anya yote ambayo angeyaandika. Nilimwambia kijana yule apeleke ubeti wake wa tatu mbele, kwa kuwa ndio uliokuwa na uhai, kisha aende akale chakula cha mchana.

Orodha yangu ndiyo hiyo: In Utero, Nevermind, Unplugged, Bleach. Anayetaka kuipangua na aipangue. Aje na wimbo, aje na neno, anionyeshe ni wapi sauti imelibeba neno hilo au imelidondosha. Idadi ya mauzo na tarehe ya mazishi aziache nyumbani.