Ngoma Peke Yake Haifufui Kitu

Anayetaka sifa ya kulinda mila huku mpakani mwa Kenya na Uganda, kuanzia Tororo hadi Busia, hahitaji mengi: kikundi cha ngoma, sare za vitenge na mgeni rasmi. Chungu cha ajon, pombe ya kienyeji, kinawekwa katikati na mirija yake mirefu, wazee wanapewa viti vya mbele. Mheshimiwa anapigwa picha akivuta mrija, anatangaza kwamba tumerudi kwenye asili yetu, kisha anaondoka kabla ya chakula. Kesho yake tunaambiwa utamaduni umefufuliwa. Umefufuliwa na nani? Wale wazee hawakuulizwa swali hata moja.

Imani kwamba kufufua ya kale ni kuyavalia na kuyachezea imetukaa sana, hata anayehoji huonekana hana adabu. Wasomi wetu nao huleta mfano wa Ulaya ya Renesansi: eti wale walirudi kwa Wagiriki na Warumi wao, wakaendelea. Walirudi, ndiyo, ila walirudi na maswali. Mshairi Petrarca alipozikuta barua za Cicero, mwanasiasa wa Roma ya kale, mjini Verona mwaka 1345, alimwandikia marehemu huyo barua ya kumgombeza: mtu mzima kama wewe, ulifuata nini kwenye fujo za siasa? Mwaka 1440 Lorenzo Valla akauchambua waraka uliodaiwa kuwa wa Kaizari Konstantino, wa kumpa papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Kilatini chake chenyewe kiliuumbua. Si cha zama za Konstantino hata kidogo. (Ni kweli Valla alikuwa akila kwa mfalme aliyegombana na papa. Hoja haikuharibika kwa hilo.)

Kazi ya namna hiyo imewahi kufanyika kwetu. Mwanahistoria Bethwell Ogot, mwana wa Gem, Kenya, alikwenda Padhola, Uganda, akaketi na wazee wa koo mbalimbali. Hakwenda kuwashangilia. Alilinganisha simulizi za ukoo huu na za ule, akahesabu vizazi kupata makadirio ya miaka, akapanga nani alifika lini na akitokea wapi. Kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini kilitoka Nairobi mwaka 1967, miaka minne tu baada ya mwanahistoria Hugh Trevor-Roper wa Oxford kudai kwamba Afrika kabla ya Wazungu ni giza. Mwaka huohuo Gideon Were alitoa historia yake ya Abaluhya. Ogot alifariki mwaka 2025, tukamlilia kwa hotuba ndefu. Waliomsoma miongoni mwa wahutubu nawaachia dhamiri zao.

Nitaambiwa vijana hawasomi, ngoma ndiyo inayowavuta. Basi wacheze, sina ugomvi na ngoma. Lakini kuna kazi ambayo ngoma haiifanyi. Mwaka 1902 Waingereza waliumega mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika nchi ambayo leo ni Kenya, na Iteso na Wasamia wakajikuta pande mbili. Chukueni sehemu ya bajeti ya sherehe, mpeni kijana nauli na simu ya kurekodia. Amsikilize mzee wa upande huu, avuke, amsikilize wa ukoo huohuo upande wa pili. Watapingana kuhusu nani alitangulia, ardhi ilikuwa ya nani, nani alishirikiana na Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda. Msiwapatanishe kwa kuogopa wageni. Andikeni maneno ya wote wawili, halafu muwarudie na maswali.